Mama Maggie Walker, binti wa mfua nguo aliyefungua banki pamoja na wamama wenzake

Katika parokia zetu nyingi, siku ya Yenga ibada ikiisha, wamama fulani hawaendi nyumbani mara moja. Wanabaki kwenye veranda ya kanisa au chini ya mti, daftari moja katikati yao, na feza ndogo ndogo zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Wengine wanaita likelemba, wengine AVEC, wengine wanasema kikundi tu. Mara hii tumechagua kusimulia maisha ya mwanamke ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja, lakini wamama wale wa daftari wangemwelewa bila mkalimani. Jina lake ni Maggie Lena Walker, wa mji wa Richmond, jimbo la Virginia, huko Marekani.

Alizaliwa tarehe 15 mwezi wa saba 1864. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa bado havijaisha, na Richmond ndio ulikuwa mji mkuu wa upande uliopigania utumwa uendelee. Mama yake, Elizabeth Draper, alikuwa msaidizi wa mpishi katika nyumba ya Elizabeth Van Lew, mwanamke Mzungu tajiri aliyekuwa akipeleka habari kwa siri kwa jeshi la Kaskazini. Baba yake, Eccles Cuthbert, alikuwa Mzungu mzaliwa wa Ireland. Sheria ya Virginia haikuruhusu ndoa kati ya watu wawili kama hao, na mtoto akakulia kwa mama. Miaka michache baadaye Elizabeth aliolewa na William Mitchell, mtumishi katika nyumba ileile, nao wakahamia mjini katika kanyumba kadogo kando ya kijia. Mitchell alipata kazi ya kuongoza wahudumu wa meza katika hoteli. Kijana mwanamume, Johnnie, akazaliwa.

Mwaka 1876 maiti ya Mitchell ilipatikana ndani ya mto James. Wakubwa wa serikali waliandika kwamba alijiua. Familia haikusadiki hata kidogo, waliamini aliuawa. Hakuna aliyeshitakiwa. Mjane alibaki na watoto wawili, bila urithi na bila mshahara, akaanza kufua nguo za Wazungu nyumbani kwake.

Tusipite haraka hapa. Kazi hii ndiyo iliyomlea Maggie. Msichana wa miaka kumi na miwili hivi alibeba kikapu cha nguo safi kichwani, akakifikisha kwenye nyumba kubwa, akapokea malipo, akarudi na kikapu kingine cha nguo chafu. Alimtunza mdogo wake wakati mama alikuwa mbele ya beseni. Na kufua nguo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Wanawake walikusanyika uani kwa mmoja wao, moto mmoja, maji ya kisima kimoja, na wakati mikono inasugua, midomo inashauriana: nani mgonjwa, nani hajalipwa, mteja gani ana hila, nani atachangia sanda ya jirani aliyefariki. Hakuna aliyeita mambo hayo uongozi. Lakini sisi tunaona Maggie alisoma shule yake ya kwanza pale uani, kabla ya nyingine zote.

Shule yenyewe pia alisoma, na alisoma vizuri. Alikuwa mshiriki wa First African Baptist Church, kanisa kubwa la Weusi wa Richmond, akabatizwa huko 1878, akafundisha shule ya Yenga. Mwaka 1883 alimaliza masomo ya ualimu. Darasa lao lilikuwa la watu kumi tu, na kabla ya kupewa diplome zao walifanya jambo lililoshtua mji. Wanafunzi Wazungu walikuwa wakipokea diplome zao katika jumba la tamasha la mji, Weusi wakitumwa kanisani. Vijana hawa wakasema kodi ya wazazi wao ni ileile, basi nao wataingia jumbani, ama hawatakubali kupelekwa kanisani. Mwishowe sherehe ilifanywa katika ukumbi wa shule yao. Hawakushinda, lakini hawakuinama.

Alifundisha miaka mitatu. Mwezi wa tisa 1886 aliolewa na Armstead Walker, fundi wa matofali mwenye kazi nzuri, mshiriki wa kanisa lilelile. Na kwa sababu aliolewa, alipoteza kazi: mwalimu mwanamke mwenye mume hakuruhusiwa kufundisha. Utaratibu huo haukumgusa mwalimu mwanamume mwenye mke. Tunajua dada zetu ambao leo hakuna kanuni iliyoandikwa ya kuwafukuza, lakini siku ya harusi ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya maendeleo yao kazini. Tuliache hilo, turudi Richmond.

Tangu akiwa msichana Maggie alikuwa ndani ya chama kinachoitwa Independent Order of St. Luke, maana yake Umoja Huru wa Mtakatifu Luka. Chama hiki kilianzishwa Baltimore mwaka 1867 na mwanamke Mweusi, Mary Prout, kwa ajili ya wanawake. Kilikuwa ni kusaidiana katika ugonjwa na maziko: kila mshiriki anatoa mchango mdogo kila mwezi, na akiugua au akifa, wenzake wanamkumbuka. Kadiri miaka ilivyokwenda wanaume walikubaliwa, na polepole, kama inavyotokea mara nyingi, wanawake wakabaki ndio wengi wa kutoa michango na wanaume ndio wengi wa kukaa kwenye viti. Maggie alipita ngazi zote, kutoka zile za chini kabisa. Aliwatembelea wagonjwa, aliandika daftari, alikuwa mjumbe kwenye mikutano mikubwa. Mwaka 1895 alileta wazo la tawi la watoto, ambalo wanawake wangeliongoza, ili watoto wajifunze kuweka akiba na kutunzana tangu udogo. Wazo likakubaliwa, na tawi lile likamfanya ajulikane na wamama wa kila mahali Umoja ulipofika.

Wakati huo tayari alikuwa na watoto wake. Wa kwanza, Russell, alizaliwa 1890. Wa pili alikufa akiwa bado mchanga. Wa tatu, Melvin, alizaliwa 1897. Pia walimlea nyumbani msichana aitwaye Polly Anderson, na tunaomba msomaji alikumbuke jina hili, kwa maana vitabu vingi vinamtaja kwa mstari mmoja tu. Mama Elizabeth mwenyewe aliishi pamoja nao. Maggie alipokuwa akisafiri kwa treni kutoka tawi hadi tawi, Polly na bibi ndio walioshika nyumba, wakapika, wakalea. Anayesifu kazi ya Maggie bila kuwataja hawa wawili anasifu nusu ya kazi.

Mwaka 1899 Umoja ulikuwa unakufa. Katibu mkuu, mwanamume aliyeshika kazi hiyo kwa miaka mingi, aliona hakuna tumaini, akaacha. Katika sanduku kulikuwa dola 31 na senti 61. Madeni yalikuwa dola 400. Wakamchagua Maggie Walker awe katibu mkuu. Mtangulizi wake alikuwa akilipwa dola 300 kwa mwaka. Yeye alikubali dola 100.

Hapa wasomaji wetu watagawanyika, kama tulivyogawanyika sisi wenyewe tulipoizungumza habari hii. Mmoja wetu alisema alifanya vibaya kukubali theluthi ya mshahara, kwamba ndivyo wanawake wanavyopewa nyumba inayoungua na kulipwa nusu ya ndoo. Mwingine akasema mtu anayekuta dola 31 sandukuni hana mahali pa kudai 300. Sisi tunaona wote wawili wana haki. Ila tukumbuke alichofanya na kiti hicho kibovu.

Kwanza alifungua daftari. Alitaka kila tawi lijue linadaiwa nini na limelipa nini. Kisha akasafiri. Hakukaa bironi kuandika barua tu. Alikwenda mahali wamama walipo, makanisani na majumbani, akaeleza, akasikiliza, akaandikisha. Tena aliwaleta wanawake kwenye baraza la uongozi, wale wenzake aliowajua kwa kazi ya miaka mingi. Hao hawakuwa wapambe wa kupiga makofi. Walikuwa walimu, mafundi wa kushona, wafua nguo, wanawake waliojua kuongoza mkutano na kusimamia hesabu. Umoja ukaanza kupumua.

Mwaka 1901, katika mkutano mkuu, aliweka mbele ya wajumbe mpango uliowafanya wengine wacheke chini chini. Alitaka Umoja uwe na gazeti lake, duka lake kubwa, na banki yake. Sababu yake ilikuwa rahisi. Michango ya wafua nguo na wafanyakazi wa viwanda vya tumbaku ilikuwa inawekwa katika banki za Wazungu, na banki hizo zilikopesha Wazungu. Mwanamke Mweusi akienda palepale kuomba mkopo wa kununua nyumba, hakuna aliyemsikiliza. Feza yake ilikubaliwa, yeye mwenyewe hakukubaliwa.

Gazeti, St. Luke Herald, lilianza 1902. Liliandika habari za Umoja, na pia lilipinga mauaji ya Weusi mikononi mwa makundi ya watu na sheria za kutenganisha watu kwa rangi. Lakini lilikuwa jambo jingine vilevile: mahali pa kazi. Wakati ule, mwanamke Mweusi wa Richmond aliyetaka mshahara alikuwa na njia chache: jiko la Mzungu, beseni la nguo, au kiwanda cha tumbaku. Hata aliyesoma, kama hakupata nafasi ya kufundisha, alirudi beseni. Maggie alijenga biro ambamo wasichana walijifunza mashine ya kuandika, uandishi wa hesabu, usimamizi wa barua na kazi ya matbaa. Mmoja aliyejifunza alimfundisha anayefuata. Lillian Payne, mmoja wa wenzake wa karibu, alifanya kazi katika gazeti lile. Biro kuu ya Umoja ikawa nyumba ambamo msichana aliyeingia mlangoni kwa mara ya kwanza alimkuta mwanamke kama yeye kwenye meza, na mwingine juu ya huyo, na mwingine juu yake tena.

Sasa banki. Hapa inafaa msomaji ajue Weusi wa Marekani walikuwa na kidonda. Baada ya utumwa kuisha, serikali ilikuwa imesimamisha banki ya akiba kwa ajili ya watu waliowekwa huru, Freedman's Savings Bank. Watu walipeleka humo akiba yao ya kwanza maishani. Mwaka 1874 ikaanguka, na watu wapata 61,000 walipoteza karibu dola milioni tatu. Wazee wetu wanaokumbuka jinsi noti zilivyobadilishwa ghafla wakati wa Zaire hawahitaji maelezo zaidi. Kumwomba mfua nguo atoe feza yake chini ya godoro na kuipeleka banki nyingine ilikuwa kumwomba imani ya pili mahali ambapo ya kwanza iliuawa.

Maggie hakuanza na maneno. Alianza kwa kukubali kwamba hajui. Katika banki moja ya Wazungu mjini, Merchants National Bank, aliomba ruhusa ya kukaa na kuangalia kazi inavyofanywa, na kwa muda fulani akawa anakwenda huko saa kadhaa kila siku kama mwanafunzi. Mwanamke wa karibu miaka 40, katibu mkuu wa chama kikubwa, akakaa pembeni kujifunza jinsi daftari la amana linavyofungwa jioni. Tunawajua viongozi, wanaume na wanawake, ambao wangeona haya kufanya hivyo.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja 1903, St. Luke Penny Savings Bank ilifungua milango. Jina lenyewe lilitaja senti, ili mwenye senti asiogope. Siku ya kwanza walikuja karibu watu 300, na zaidi ya dola 9,000 zikaingia. Wengine walileta dola nyingi, wengine senti chache zisizofika dola. Rais wa banki alikuwa Maggie Walker, na kwenye baraza la wakurugenzi waliketi wanawake kadhaa pamoja na wanaume. Anahesabiwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha banki na kuwa rais wake. Watoto walipewa visanduku vidogo vya kuwekea senti. Kisanduku kikifikisha dola moja, mtoto alikwenda kufungua hesabu yake mwenyewe. Ilipofika 1920, banki ilikuwa imewasaidia mamia ya familia za Weusi kumaliza kulipa nyumba zao.

Katika mwaka 1904 kampuni ya treni za mjini ilianza kuwatenga Weusi kwenye viti vya nyuma. Gazeti la Maggie na lile la John Mitchell, mwenye banki nyingine ya Weusi, yaliwahimiza watu watembee kwa miguu. Wakatembea, wafua nguo na vikapu vyao. Kampuni, iliyokuwa tayari na matatizo ya feza, ilifilisika mwaka uleule. Furaha haikudumu, kwa maana miaka miwili baadaye bunge la jimbo lilifanya utengano kuwa sheria.

Duka lilifunguliwa 1905, na ni sehemu ya maisha haya ambayo haisimuliwi sana, kwa sababu liliisha vibaya. Sisi tunataka kuisimulia. Wanawake 22 wa Umoja waliungana kulisimamisha: St. Luke Emporium, duka kubwa la nguo na vitu vya nyumbani kwenye barabara kuu ya biashara, Broad Street. Wauzaji walikuwa wasichana Weusi wapatao kumi na watano, wakisimama nyuma ya meza safi, wakiwahudumia wateja kwa heshima. Katika maduka ya Wazungu mwanamke Mweusi angeweza kununua kofia, lakini hakuruhusiwa kuijaribu kichwani. Hapa alijaribu mbele ya kioo.

Wafanyabiashara Wazungu waliona hatari hata kabla mlango haujafunguliwa. Walitaka kulinunua jengo kwa bei ya juu kuliko ile Umoja uliyolipa. Wamama wakakataa. Wakaahidiwa dola 10,000 waache tu mpango. Wakakataa tena. Kisha wafanyabiashara wale wakaungana, wakawashinikiza wauzaji wa jumla wasilipatie duka bidhaa. Pamoja na hayo, na hili ndilo lililomuuma Maggie kuliko yote, Weusi wengi wa mji waliendelea kununua kwa Wazungu, kule walikodharauliwa. Alizungumza juu yake kwenye mikutano kwa uchungu, akiwaambia wanaume hasa kwamba feza wanayoipeleka kwenye maduka yale inamlisha yule anayewakandamiza na inawanyima kazi binti zao. Duka lilivumilia karibu miaka saba, kisha likafungwa. Wasichana wale wa mezani walipoteza kazi. Hakuna namna ya kuipamba habari hiyo.

Tumeulizana kwa nini banki ilisimama na duka likaanguka, wakati walikuwa watu walewale. Jibu letu ni kwamba banki ilisimama juu ya kitu ambacho wanawake walikuwa nacho tayari mikononi, yaani michango yao na kuaminiana kwao kwa miaka, na hakuna mtu wa nje aliyeweza kuwakatia. Duka lilihitaji bidhaa kutoka kwa watu waliotaka life. Labda kuna sababu nyingine pia, lakini hiyo tunaiona wazi.

Banki nayo ilijaribiwa. Mwaka 1910 banki kubwa ya chama kingine cha Weusi cha Richmond, True Reformers, ilianguka na kuwaacha watu wakilia. Sheria mpya ikadai banki itenganishwe na chama. Maggie alitii: banki ikapewa jina jipya na uongozi wake, Umoja ukabaki na wake. Hesabu ziliposomwa zilikuwa sawa.

Na sasa tunafika 1915. Usiku wa tarehe 20 mwezi wa sita, nyumbani kwa Walker, barabara ya Leigh, kulikuwa na habari za mwizi anayezunguka mtaani. Russell, mtoto wa kwanza, alishika bunduki. Aliona mtu kwenye baraza la nyuma ya nyumba, akapiga. Alikuwa ni baba yake. Armstead Walker alikufa.

Russell alikamatwa na kushitakiwa kwa kuua. Kesi ilikwenda hadi mwezi wa kumi na moja, kisha tribinali ikamwachilia, kwa kuwa waliona haikuwa kusudi. Katika miezi hiyo Maggie alikuwa mjane, na mama wa mshitakiwa, na rais wa banki, na katibu mkuu wa Umoja wa maelfu ya watu, yote kwa siku moja. Mjini wengi walizungumza. Ndani ya Umoja wenyewe, wapinzani wake wakaona mlango umefunguka. Walisema jina lake linauchafua Umoja, kwamba inafaa apumzike. Sisi tuliokaa katika vikao vya kanisa na vya kazi tunajua namna ya kusema apumzike ambayo maana yake si pumziko.

Hakujificha. Alisimama mbele ya wenzake, akawaonyesha kazi yake ya miaka kumi na sita na hesabu zake, akawaachia waamue. Wamama wengi aliosafiri kwao kwa treni, aliowazikia waume na watoto, waliosoma mashine ya kuandika katika biro yake, walibaki naye. Akabaki kitini. Hatufikiri ni ufasaha wake tu uliomwokoa, ingawa alikuwa msemaji hodari. Siku ile ulirudi mkopo aliokuwa amewakopesha watu kwa miaka mingi bila kuandika.

Lakini nyumbani jeraha halikupona. Mama Elizabeth alifariki 1922. Russell hakujirudia tena. Huzuni na pombe vilimmaliza, akafa 1923, bado kijana. Mjane wake, Hattie, na watoto walikaa palepale nyumbani kwa Maggie. Ile nyumba, iliyonunuliwa 1904 na kuongezwa vyumba mara kwa mara, ilikuwa imejaa wajane, wake wa vijana na wajukuu, na Polly akiendelea kushika funguo.

Kazi ya nje iliendelea kukua. Kufikia 1924 Umoja ulikuwa na washiriki zaidi ya 50,000, matawi 1,500, na wafanyakazi 50 katika biro kuu. Mwaka 1912 Maggie alikuwa amesimamisha baraza la wanawake Weusi wa Richmond, lililokusanya feza kwa ajili ya shule ya wasichana iliyoongozwa na Janie Porter Barrett. Alisaidia pia shule ya Nannie Helen Burroughs huko Washington, na alikuwa rafiki wa Mary McLeod Bethune. Wanawake hawa waliandikiana, walilala nyumbani kwa kila mmoja wakati hoteli zilikataa Weusi, walikaa kwenye mabaraza ya shule za wenzao. Mwaka 1921 aligombea usimamizi wa elimu ya jimbo zima la Virginia, mwaka mmoja tu baada ya wanawake wa Marekani kupata haki ya kura. Hakuchaguliwa.

Mwili ulikuwa umechoka. Tangu alipoanguka 1907 na kuvunjika goti, miguu ilimsumbua, na kisukari kikazidisha. Kufikia 1928 alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Akaagiza mashine ya kupandisha iwekwe ndani ya nyumba, gari lake likatengenezwa ili kiti kiingie, na asubuhi akaendelea kwenda bironi. Wafanyakazi waliendelea kumkuta kazini.

Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi. Kuanzia 1929 banki za Marekani zilifungwa kwa maelfu. Maggie aliwakaribisha wakubwa wa banki nyingine mbili za Weusi mjini ili waunganishe nguvu badala ya kufa kila mmoja peke yake. Mapatano hayo yalimgharimu kiti cha rais: mtu mwingine alikishika, naye akawa mwenyekiti wa baraza. Banki mpya, Consolidated Bank and Trust Company, ilipita mdororo ule salama na ikaendelea kufanya kazi katika Richmond kwa miaka zaidi ya sabini.

Alifariki tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 1934. Ibada ya maziko ilifanyika katika First African Baptist, kanisa alilobatizwa, na akazikwa katika makaburi ya Evergreen. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukatibu mkuu miaka 35, kile alichokipokea na dola 31 sandukuni. Aliyekishika baada yake ni Hattie Walker, mjane wa Russell, ambaye alikuwa amejifunza kazi hiyo akiishi ndani ya nyumba ile.